Mama Pindo na Vidonge vya Bubu

Siku ya kwanza kumwona Mama Pindo, alikuwa na pini saba mdomoni. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa karakana ya ushonaji, barua ya kuomba kazi mkononi, sijui nianzie wapi. Alinitazama juu mpaka chini bila kuacha kukanyaga cherehani. Akazitema pini kiganjani, akawauliza wenzake, "Huyu anaongea, au mmeniletea bubu?"

Wakacheka wote. Nikapewa meza ya pasi, na jina la Bubu. Sikulikataa. Maneno yangu ni machache kweli, na shule yangu iliishia ya msingi.

Kazi yake yeye ilikuwa mapindo: ya suruali, ya magauni, ya mapazia. Uzi wake huuoni hata uutafute kwa miwani. Lakini miaka ishirini na miwili ya kukanyaga cherehani ilimwachia ugonjwa wa misuli. Mguu ulikuwa unamkaza ghafla, akauma kitambaa asipige kelele.

Pale karakana tulikuwa na kopo la maziwa ya unga juu ya kabati la vifungo. Mtu akiugua akapona, vidonge vilivyobaki alivitia humo, maana kuvitupa tuliona ni hasara. Havikuwa na bahasha wala maandishi. Tulivijua kwa rangi na kwa aliyevileta. Vya njano vilikuwa vya Mkataji, yule anayekata vitambaa. Vyeupe, vichungu kupita kiasi, vilikuwa vyangu. Ilikuwa kwinini niliyopewa nilipougua malaria, nami nikaacha kuimeza mara tu nilipopata nafuu.

Mkataji ndiye aliyemwambia Mama Pindo kwamba marehemu baba yake alituliza mguu kwa kwinini. Basi ikawa mguu ukimkaza anapaza sauti, "Nipeni vya Bubu!" Mimi nampelekea. Nisiseme uongo, nilikuwa naona fahari kidogo.

Jumatatu moja alijichoma sindano, jambo la kila siku. Akanyonya kidole, akaendelea. Baada ya muda nikaona doa kwenye pazia jeupe, kisha la pili, kisha mstari mzima. Tukamfunga kidole kitambaa, kikalowa. Tukafunga kingine, nacho kikalowa. Alipoinua gauni kujikuna, miguu ilikuwa imejaa vidoa vyekundu vidogo vidogo, kama amechomwa na pini mia.

"Joto tu hilo," alisema. Lakini meno yake yalikuwa na damu.

Siku ya tatu ya kulazwa kwake nilikwenda hospitali saa ya kuona wagonjwa. Binti yake, mwalimu, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Mikono ya Mama Pindo ilikuwa imevilia damu, myeusi kila alipochomwa sindano. Daktari akaja na karatasi. Akaeleza kwamba damu ina chembe zinazoigandisha, na za mama huyu zimebaki chache mno.

"Jana tumemwongezea, leo zimeshuka tena," alisema. "Zikiendelea hivi anaweza kuvuja damu kichwani bila hata kujigonga. Kuna kitu kinaziua. Mama, hakuna dawa yoyote unayotumia? Hata ya kununua dukani? Dawa nyingine ndizo zinazofanya hivi."

"Mimi situmii dawa, mwanangu. Hata ya kichwa sinunui."

Hakuwa anadanganya. Kwetu dawa ni kitu ulichoandikiwa, kikatiwa kwenye bahasha. Vya kwenye kopo vilikuwa vya Bubu, au vya Mkataji. Basi.

Daktari akahamia kitanda cha pili. Binti akatoka kufuata maji ya kunywa. Hapo hapo mguu ukamkaza Mama Pindo. Nikamwona anauma shuka.

"Bubu, fungua mkoba. Chini kabisa, kwenye leso. Nipe viwili. Jana vilinisaidia."

Vilikuwa sita, vile vyeupe vyangu. Nikavikunja tena kwenye leso. Nikisema, kila mtu atajua vimetoka kwangu. Nikatazama mto wake. Ulikuwa na doa la damu pale mdomo ulipolala.

"Nipe basi! Umekuwa kiziwi pia?"

Daktari alikuwa kitanda cha tatu.

"Bubu! Nakurushia kiatu!"

Nikaondoka na leso. Nilimfikia daktari akizungumza na nesi, nikasimama nyuma yake. Akamaliza, akaelekea mlangoni. Nikamshika koti. Sijawahi kushika koti la mtu isipokuwa la kulipiga pasi.

"Nini wewe?" nesi akafoka.

Nikafungua leso. "Anameza hivi. Ni vyangu. Ni kwinini. Hata jana amemeza."

Daktari akakiinua kimoja. "Tangu lini?"

"Wiki tatu. Mguu ukimkaza."

Akarudi kitandani karibu ya kukimbia.

Binti alipoelezwa, alinivuta dirishani. "Wewe mtu mzima, umemgawia mama yangu dawa kama karanga?"

Nikaenda kukaa kwenye benchi la nje mpaka wageni wakafukuzwa. Kesho yake nikarudi kukaa, na kesho kutwa pia. Kila mlango ulipofunguliwa, nilisimama. Siku ya nne binti alitoka, akakaa mwisho wa benchi, mbali na mimi.

"Zinapanda," alisema. "Daktari anasema angeendelea kuvimeza, tungekuwa matangani." Akaelekeza kidole mlangoni. "Haya, unaitwa. Anataka kukutukana mwenyewe."

Alinitukana kweli, na sauti ilikuwa na nguvu, nikafurahi. Daktari alimkataza kwinini maisha yake yote. Kopo nililibeba mwenyewe hadi dirisha la dawa la hospitali, Mkataji akaninunia wiki nzima.

Mama Pindo alirudi kazini kwa miezi michache. Kisha binti akahamishiwa shule ya mbali, akaamua kumchukua mama yake. Wiki ile ya mwisho Mama Pindo alishona maneno kwa uzi mwekundu ndani ya pindo la kila gauni lake: NISIPEWE KWININI. Alihofia kuzimia mahali wasipomjua. Siku ya kuondoka aliniletea magauni manne. Nikayapiga pasi, nikayakunja, nikamkabidhi.

Akayakunjua yote juu ya meza, akageuza pindo la kwanza, maandishi yakawa juu.

"Piga pasi na ndani pia, Bubu," akasema. "Maneno yenyewe si ni yako?"