Kipimo Kwenye Bomba la Dada

Dada yangu ni dobi, ila si wa mashuka na magauni ya harusi. Hufua overoli za mafundi wa kinu cha nyuklia kilicho nje ya mji. Zinamfikia zikiwa zimeshapimwa mionzi mara mbili. Soksi zangu hazijawahi kupata heshima hiyo.

Halmashauri yetu, ambayo mitaro yake imeziba tangu nikiwa na meno ya utoto, iliamka siku moja na uchungu wa mazingira. Ikatunga kanuni ya maji taka: biashara yoyote inayogusana na nyuklia ifungwe kipimo cha mionzi kwenye bomba lake. Kikilia mara ya kwanza, onyo. Kikilia tena, mashine zinapigwa kufuli. Dada akawa anakifuta vumbi kila asubuhi kama kioo cha sebuleni. Hakikulia hata siku moja.

Kikaja kulia shemeji alipotoka hospitali. Alikuwa amemezeshwa dawa yenye mionzi ya kutibu tezi ya shingo, akaambiwa anywe maji kwa wingi, na kila akikojoa avute choo mara mbili. Shemeji ni mtiifu. Nyumba yao na chumba cha kufulia vina bomba moja.

Mkaguzi, ambaye ukimwita kwa mtaro uliofurika huwa ana mafua, alifika mbio.

"Ni mume wangu huyo, si overoli," dada akamwambia.

"Mgonjwa anaruhusiwa, mama. Kanuni haimhusu kabisa."

"Sasa onyo la nini?"

"Kipimo ni cha dobi. Na kimelia."

Dada akaangua kilio. Miaka yote kwenye mvuke, leo riziki ifungwe kwa mkojo wa mtu anayempenda! Mkaguzi akaingiwa na huruma.

"Basi shemeji awe anajisaidia kwingine, pasipo na kipimo."

Mahali pa karibu pasipo na kipimo ni choo cha halmashauri, ng'ambo ya barabara. Shemeji akawa anavuka na pajama na chupa yake ya maji, anavuta mara mbili, na mkojo unakwenda kukutana na maji ya dada kwenye bomba kuu lilelile. Halmashauri ikaridhika.

Jana magari yalikuwa mengi. Shemeji alirudi analia, mtu mzima, suruali ya pajama imelowa. Dada hakuthubutu kuitia kwenye mashine. Aliifua kwa mkono kwenye beseni, akatoka, akayamwaga maji barabarani, mbele ya ofisi ya halmashauri. Barabarani hakuna kipimo.