Picha Safi, Bega Bovu

Mama Usipumue alipata jina hilo kwa kazi yake. Miaka ishirini na mitatu anapiga picha za eksirei, na siku nzima yeye ni "simama hapo, vuta pumzi, usipumue". Mdomo anao, tena hana dogo. Picha ikitoka na ukungu, anaandika kwenye bahasha "Rudia". Ikitoka vizuri, anaandika "Safi". Wenzake wote pale wanajua maana yake: mgonjwa hakutikisika, daktari aisome.

Sasa sikia. Alikuja fundi plasta, mtu wa kupiga lipu dari, mkono wa kulia haupandi hata kufika sikioni. Akampiga picha ya bega, akaandika "Safi". Daktari alikuwa ameshaondoka. Fundi akaambiwa arudi kesho, lakini kazini walitaka jibu siku ileile, akawapelekea bahasha yake. Msimamizi hata kufungua hakufungua. Alisoma lile neno moja juu.

"Umeona? Hospitali wanasema uko safi. Panda jukwaani au katafute kazi kwingine."

Akapanda. Ana watoto wanne, angefanyaje? Wiki tatu nzima alipiga lipu dari kwa bega lile, na yule bwana chini anamhimiza.

Siku aliporudi hospitali, mkono ukining'inia tu, Mama Usipumue alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akawaka.

"Eksirei inaona mfupa, kaka yangu. Kano, zile kamba zinazoshika msuli kwenye mfupa, haizioni. Nani kakwambia uko mzima?"

"Wewe, dada," fundi alisema kwa upole, akamwonyesha bahasha. "Mwandiko si wako huu?"

Ulikuwa wake. Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Hasira juu ya msimamizi ilimpanda, na juu ya nafsi yake ikampanda, hakujua aanze na ipi. Miaka yote hiyo neno lao la kazini linatoka nje na watu, na hakuna aliyejiuliza huko linasomwaje.

Alimpeleka mwenyewe chumba cha altrasaundi, akaruka foleni bila aibu. Daktari alipaka jeli begani, akasogeza kifaa huku na huku, akawaonyesha kwenye kioo. Kano ilikuwa imekatika yote, ikajivuta ndani.

"Wiki tatu zilizopita huenda ilichanika nusu tu," alisema daktari. "Ingeweza kupona kwa kupumzika. Sasa hata tukiishona, kazi za kunyanyua mkono juu hataziweza."

Fundi alimgeukia Mama Usipumue, maana ndiye aliyemzoea.

"Kwa hiyo dari basi, dada?"

Daktari alishainamia karatasi zake. Ilibidi ajibu yeye.

"Basi, kaka yangu. Msimamizi wako nitamfuata leo hii hii, na atanisikia. Lakini mkono siwezi kuurudisha."