Ndia ya Kae

Nilivuka kwenda Mokowe na laptopu nimeifunga kwa leso mbili, nimeipakata, hata bibi mmoja ndani ya boti akaniuliza mtoto ana miezi mingapi. Nikamwambia ni mashine. Akacheka sana. Mimi cheko sikuwa nalo.

Ndani ya laptopu ile mlikuwa na sauti ya mama yangu. Mama alifariki kabla ya Ramadhani, na hakuwa mtu wa kutuma ujumbe wa sauti. Simu kwake ilikuwa ya kusema "haya, n'mesikia" na kukata. Mara moja tu, miaka mingi nyuma, alikubali nimrekodi akihadithia alivyopelekwa bibi harusi kwa miguu kutoka Siyu hadi Pate, nani alitangulia, nani alilia, wakaimba nini njiani. Nikaihifadhi faili ile, nikajiona nimemaliza kazi. Hewa ya chumvi ikaila mashine polepole kama inavyozila bawaba za milango yetu. Ilipoanza kugonga kwa ndani, tak, tak, roho iliniruka.

Fundi alikuwa mtu wa bara, mpole, meza yake imejaa simu zilizopasuliwa matumbo. Aliitegea sikio, akatikisa kichwa.

"Mama, hii diski inakufa. Ikiwaka hatutakuwa na muda. Wewe niambie jina la faili, nitafute, tutoe hiyo moja tu. Sawa?"

"Sawa, mwanangu. Bismillahi."

Ikawaka. Kioo kilikuwa kikitetemeka.

"Jina?"

"Ndia ya kae."

Akaandika haraka. Hakuna. Akaandika tena. Hakuna. Nikamwapia kwamba ipo, nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Akawa anafungua folda moja baada ya nyingine, na mashine inagonga, na joto linatoka ubavuni mwake mpaka nalisikia usoni. Nilisoma kila dua niliyoijua, na ile niliyoisahau katikati nikaianza upya. Moyoni nilimlaumu fundi kuwa hajui kazi, nikailaumu bahari, nikajilaumu mimi. Kisha nikainama nikasoma alichokiandika. Njia ya kale.

"Bwana we! N'mekwambia ndia!"

"Si ndiyo hiyo, mama? Njia."

"Siyo! Ndia! Kwa nd! Na kae haina l!"

Maskini, alidhani ananisaidia. Alikisikia Kiamu changu akakiandika kama kinavyofundishwa shuleni, kwa heshima zake zote, na heshima hizo ndizo zilizokuwa zikinimaliza. Ningeweza kumkaba koo. Ningeweza pia kumpigia magoti.

Akafuta, akaandika nilivyosema, na faili ikatokea. Nilipiga ukelele, muuza mitumba wa jirani akaja kuchungulia. Fundi akaanza kuinakili kwenye flashi. Ule mstari ukasogea kidogo, ukaganda. Akarudia, ukaganda palepale.

"Haitoki, mama. Toa simu yako urekodi. Mimi naicheza tu."

Nikaitoa simu, nikawasha kurekodi. Nikaishikilia simu kwenye spika, nikazuia pumzi. Mama akakohoa. Alikuwa mle, na kikohozi chake kile kile cha kuwaonya watu kwamba anaingia.

"Asalamu alaikum," akasema. "Kidude hiki chanisikia?"

Sauti yangu, kwa mbali, ikamjibu kwamba chamsikia.

"Haya. Niande?"

Kioo kikawa cheusi. Fundi akabadilisha chaja, akaitoa diski akaiunganisha na mashine yake, akaigeuza huku na huku. Iligonga mara chache, kisha hata kugonga kukaisha. Akasema pole, mama, akasema tena, wala hakuniangalia usoni. Nililia pale dukani bila haya.

Nyumbani nilimwekea dada yangu aisikie. Alikaa mkekani, buibui hajalivua, simu kaishika kwa mikono miwili. Ikaja salamu, likaja swali la kidude, kisha mama akauliza kwa lugha yetu kama aanze.

"Anda, mama," dada akamjibu. "Twakusikia."

Simu ilikuwa imeshanyamaza. Tulikaa tukimsubiri.