Irma Kantola na Kufuli la Theluji

Ukiwauliza watu wa barabara yetu habari za Irma Kantola, watakuambia alikuwa mwanamke mpole. Upuuzi mtupu. Mimi nimekaa naye uso kwa uso, dirisha la jiko langu likitazama lango lake, na nakuambia yule hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa amefungiwa, na huo ni ugonjwa mwingine kabisa.

Alizaliwa katika ukoo wa Huhta, binti wa mfuga ng'ombe wa maziwa, huku kwetu kwenye rasi ya Keweenaw, ambako Ziwa Superior hutumwagia theluji tangu Novemba mpaka mtu anasahau majani yana rangi gani. Miguu yake ilipofika tu kwenye klachi, baba yake alimpandisha kwenye trekta. Alikokota samadi, akavuta magogo, akasafisha njia ya kwao kila asubuhi kabla ya shule, akiwazomea kaka zake Carl na Rudy waliokuwa bado kitandani. Rudy mwenyewe aliniambia kwamba Irma aliweza kupitisha bapa la chuma la kukokotea theluji kando ya kibaraza na asiguse hata tawi la mti alioupanda mama yao.

Kisha akaolewa na Wendell Kantola, mkata magogo, na hakugusa trekta tena. Wendell alisema wazi: chombo ni chake.

Huyo Wendell, nje ya nyumba, alikuwa mcheshi. Gari langu liliwahi kutumbukia mtaroni, akaja na mnyororo akalivuta, akakataa hata kikombe cha kahawa. Ndani ya nyumba mikono ileile ilifanya mengine. Irma alifanya kazi jikoni kwenye shule ya watoto wetu, na kuna siku alipakua viazi huku jicho moja limevimba hadi kufumba. Carl na Rudy walipoliona jicho lile walimfuata Wendell, wakamkuta anatoka sauna, kibanda cha kuogea mvuke, uchi kama alivyozaliwa, wakampiga kwenye theluji mpaka ikawa nyekundu. Tangu siku hiyo Wendell aliapa Irma hatakanyaga tena kwa akina Huhta. Na hakuhitaji kuapa kwa sauti, maana trekta alikuwa nayo.

Nyuma ya trekta ile ya dizeli alifunga bapa la chuma, pana kama mlango wa zizi. Ukienda mbele, linakokota theluji. Ukitaka liisukume unaporudi nyuma, sharti ugonge pini moja itoke, uligeuze bapa uso, kisha urudishe pini. Wendell hakuligeuza kamwe. Pini ilikuwa imeshika kutu, na alikuwa mvivu wa kugeuza shingo. Breki nazo zilikufa zamani. Kila alipoegesha aliiacha trekta kwenye gia ya kwanza isije ikateremka yenyewe hadi barabarani.

Basi siku Irma alipotaka kutoka, Wendell hakugombana. Alitoka tu nje, akakokota theluji ya ua mzima, akairundika nyuma ya gari la mkewe, akaziba njia kutoka gereji hadi ukuta wa kuni zilizopangwa. Theluji ikishakokotwa na kurundikwa hukaza kama saruji. Gari haliwezi kupita, na kwa sepetu utachimba hadi jioni. Sisi tukiona ule ukuta tulijua. "Wendell kamfungia mkewe tena," tulisema, tukimimina kahawa. Kamfungia! Kama ndama! Mpaka leo nikikumbuka tulivyolitamka neno lile, nataka kumpiga mtu kibao.

Ndipo mama yake Irma akafa, bibi Lempi Huhta. Ibada ilipangwa Jumamosi asubuhi. Kwetu ardhi wakati wa baridi ni jiwe, haichimbiki; jeneza likitoka kanisani hulazwa kwenye chumba cha mawe makaburini hadi mvua za masika. Kwa hiyo kumuaga maiti ni siku ile ile moja, huku kifuniko kikiwa wazi mbele ya madhabahu. Ukiikosa, umeikosa.

Jumamosi ile nilikuwa natoa mikate ya iliki kwenye oveni, ya kupeleka kwenye kahawa ya msiba inayonywewa baada ya ibada, nikasikia trekta ya Wendell. Nikatazama. Alikuwa anakokota. Alikokota theluji ya mbele, ya nyuma, ya kando ya sauna, akapanga ukuta uliofika madirisha ya gari la Irma. Mikate nikaiacha juu ya jiko, nikabaki dirishani.

Yaliyotokea ndani alinisimulia Irma mwenyewe baadaye.

Alikuwa amevaa gauni jeusi. Wendell aliingia, akatundika koti mlangoni, funguo za trekta mfukoni, akaketi mezani.

"Nimimine kahawa," akasema.

"Wendell, ni mama yangu."

"Najua ni nani. Ndiye aliyewazaa wale mbwa wawili walionipiga. Mimina."

"Nitakwenda na kurudi. Hata kahawa ya msiba sitakunywa."

"Utakwenda kwa mabawa?" Akacheka. Kisha akampiga ngumi ya mdomo, bila hata kuinuka vizuri, kama mtu anayefukuza nzi. Irma akaanguka kwenye sanduku la kuni.

Aliponyanyuka hakulia. Alichukua birika la kahawa lililokuwa likitokota, akamimina kweli, ila mapajani pa Wendell. Wendell alipokuwa akipiga mayowe, Irma alinyakua koti lote, akatoka, akaufunga mlango, akakandamiza koleo kubwa la theluji chini ya kitasa.

Hapo ndipo nilipomwona. Gauni jeusi, miguu ndani ya mabuti ya mumewe, damu kidevuni. Sikuelewa anafanya nini. Badala ya kupanda trekta, alikwenda nyuma yake na nyundo aliyoitoa kwenye sanduku la vifaa la trekta. Akaanza kugonga ile pini. Alijua alichokuwa akifanya: ukuta ule huwezi kuukokota bila kuupanda kwanza, na trekta ingenasa juu yake. Dawa yake ni kuuvamia kinyumenyume, bapa likiwa limegeuzwa.

Ndani ya nyumba Wendell alikuwa anavunja mlango. Kila alipopiga teke, Irma alipiga nyundo. Niliwasikia wote wawili ng'ambo ya barabara. Pini ikatoka kwanza. Irma akalisukuma bapa kwa bega mpaka likageuka, akarudisha pini, akapanda, akawasha.

Alirudi nyuma kwa kishindo. Bapa likaingia kwenye ukuta, trekta ikatikisika yote, mapande makubwa kama magunia ya mahindi yakaruka. Akaenda mbele, akarudi tena. Minyororo ya tairi ikatafuna barafu. Kichwa kakigeuza nyuma, mkono mmoja kwenye usukani, na nakuapia yule mwanamke alikuwa anaimba au anatukana, mdomo haukutulia. Ukuta ukapasuka katikati. Nikajikuta napiga kelele peke yangu jikoni, "Vunja! Vunja, mama!"

Wendell akatoka kupitia kioo cha dirisha, fulana tupu, mikono inavuja damu. Akamdaka Irma nywele akiwa juu ya trekta. Irma akamchapa nyundo kwenye vifundo vya vidole. Wendell akaachia, akashika tena, akampiga Irma ubavuni. Irma akarudisha bapa mara ya mwisho, njia ikafunguka hadi barabarani. Kisha akaenda mbele, akaiweka trekta kando, karibu na ukuta wa kuni, pua ikiwa imeelekea kuni, gari lipate kupita. Akazima, akaiacha kwenye gia ya kwanza, akachomoa funguo na kuzirusha kwenye theluji ya shambani, mbali, zikazama.

"Sasa ziba tena!" akamwambia. "Ziba kwa kucha!"

Wendell akamtandika akaanguka, akamtia teke moja. Mimi tayari nilikuwa nje, nakimbia na sepetu, nateleza, namtukana hadi marehemu babu yake. Aliponiona nakuja akamwacha mkewe, lakini si kwa kuniogopa mimi. Alitaka kuziba njia kwanza. Irma akatambaa hadi kwenye gari, akajifungia ndani.

"Wendell, mwache aende!" nikapiga kelele.

"Rudi kwenye mikate yako, Arlene! Hapa ni kwangu!"

Akachukua bisibisi kwenye sanduku la vifaa. Kila mtu wa huku anajua hila hiyo, na kila mtu amekatazwa na baba yake: trekta ya dizeli ikikosa funguo, unasimama kando yake, mbele ya tairi kubwa la nyuma, unaziunganisha kwa bisibisi nyaya za stata, ile mota ya kuwashia injini. Lakini kwanza unaitoa gia. Wendell, kwa hasira, hakuitoa. Akainama, akagusa.

Trekta ikaruka mbele. Tairi la nyuma likampiga kiuno, likamlaza, likampanda pajani. Pua ikajikita kwenye kuni, trekta haikwenda tena, ila tairi liliendelea kujaribu kuzunguka, na minyororo ikawa inafanya juu ya mguu wake kazi iliyokuwa ikiifanya kwenye barafu. Mayowe yale sitayasahau. Nilifika, sikujua nishike wapi.

Gari la Irma lilikuwa limeshawaka. Lilishapita pengo. Nikaona taa zake nyekundu pale langoni, zikasimama.

"Irma!" Wendell akalia. "Irma, nakufa! Mke wangu!"

Irma akashuka, akaja akichechemea. Akasimama juu yake. Na mimi, sioni haya kulisema, nilimshika mkono.

"Mwache, shoga," nikamwambia. "Mwache hapo hapo. Kanisa linakungoja."

Akanitazama kama mtu aliyechoka na mtoto msumbufu.

"Nikimwacha hapo, Arlene, nitaishi naye mpaka nife. Nipishe."

Akapanda. Akakanyaga klachi, akatia gia ya nyuma, akairudisha trekta polepole ikashuka kwenye paja, bila kumgusa popote pengine. Akavuta kitufe cha kuzima. Kisha akavua mkanda wa gauni lake la msiba, akaufunga mguu wa mumewe juu ya jeraha, akakaza kwa goti. Wendell alijaribu kumshika mkono. Irma akautoa mkono wake, akamaliza kufunga. Mimi nikakimbilia simu.

Gari la wagonjwa lilipofika liliingia moja kwa moja hadi mlangoni, njia ilikuwa pana na safi. Vijana wakamweka Wendell kwenye machela. Mmoja akamtazama Irma: mdomo umevimba, nywele zimetapakaa, gauni limejaa mafuta na damu.

"Wewe ndiye mkewe, mama? Panda nyuma, tafadhali. Anakuita, na daktari atataka kusikia ilivyokuwa."

"Irma," akanong'ona Wendell. "Panda. Usiniache peke yangu."

Irma alichota theluji kiganjani, akaosha kidevu. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayekataa sukari kwenye kahawa.

"Mwambieni daktari alijikanyaga mwenyewe kwa trekta yake. Mimi namuaga mama yangu leo."

"Lakini mama, hali yake..."

"Mna kazi yenu, wanangu. Nami nina yangu."

Akaingia kwenye gari. Gari la wagonjwa likatangulia, likakata kulia, kwenda hospitali. Irma aliwasha taa ya kushoto, akangoja barabara iwe tupu, akakata kwenda kanisani.