Baba alivyotoa maksai wa kulimia akaleta sola nyumbani

Wakuu, heshima zenu. Nimeona humu watu wanalalamikia sola zao, nikamkumbuka marehemu baba. Haya niliyaona kwa macho yangu, chumvi sijatia.

Ni miaka ya themanini, kijijini kwetu upande wa Songwa. Taa za mgodi wa Mwadui tunaziona kwa mbali, sisi tuna koroboi. Hiyo kitu ilimuuma sana baba.

Akatokea fundi mmoja wa mradi wa maji, ana paneli, betri na taa mbili. Baba akampa maksai wetu mmoja, wakabadilishana.

Mnaoijua Usukumani mnaelewa. Maksai wa kulimia! Baba mkubwa alikuja akiwa amefura, hata maji hakunywa. "Mvua zikianza utalima na hicho kioo?"

Nyumba ilikuwa ya nyasi, kwa hiyo baba akailaza paneli juu ya kichanja uani. Mwanzoni raha tupu, majirani wanakuja kukaa tu kwenye mwanga.

Tulipovuna viazi, taa zikaanza kufifia. Baba akabadilisha waya, akaongeza maji ya betri, wapi! Watu wakasema kapigwa. Ikafika mahali hata mnadani haendi, nami roho inaniuma.

Mawingu yalipoanza kujikusanya akasalimu amri. Akamfuata fundi, wakakubaliana warudishiane. Mchana wakaja na baba mkubwa, maksai nyuma.

Kufika uani, paneli haionekani. Imefunikwa michembe!

Kwa wasiojua, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, akiba yetu ya njaa. Mama alianika pale kila asubuhi baba akishaenda kuchunga, akaanua kabla hajarudi. Sisi watoto tuliona kila siku, wala halikutushtua.

"Baba Doto, kwa kichanja hiki umenitendea wema," mama akasema kwa furaha kabisa. "Kinakausha kuliko kuanika mwambani!"

Fundi alicheka mpaka akakaa chini.

Maskini mama alidhani mwanga unatoka kwenye betri tu. Fundi alipomweleza, akaondoa michembe yote, akaifuta paneli kwa kanga yake.

Baba mkubwa akasema maksai abaki, yaishe.

"Shemeji, mwache ng'ombe aende," mama akasema. "Nimeizima mimi, nataka niione ikiwaka."

Maksai akaondoka. Msimu ule tulilima kwa jembe la mkono, mama mbele yetu. Lakini taa ziliwaka, na baba akamjengea mama kichanja chake cha michembe.

Nilichojifunza: baba aliieleza sola kwa kijiji kizima, akamsahau mtu aliyeshinda nayo nyumbani.

Leo namwagilia shamba lile lile kwa pampu ya sola. Mama kazeeka, ila kila asubuhi lazima apitishe kanga kwenye paneli, na hakuna anayeruhusiwa kumsaidia.

Haya, kwenu sola ya kwanza ilipokelewaje? Mwageni visa hapa, nasoma vyote.