Harufu ya Gurudumu la Nyuma

Breki iliyong'ang'ania ina harufu yake, kali, ya chuma na kitu kama kwato la ng'ombe lililotupwa motoni. Msimu ule wa pamba ilikuwa ikiingia uani kwetu Mwamapalala kabla lori lenyewe halijaonekana. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kugombea pamba na chama cha ushirika. Baba aliuza karibu ng'ombe wote, akanunua lori kuukuu ili asafirishe pamba ya watu hadi Maswa. Siku lilipofika, shangazi, dada yake mkubwa aliyekuwa mjane na kuishi nasi, alilizunguka akalipiga kofi ubavuni. "Ng'ombe wako huyu akigoma, mdogo wangu, utamchapa wapi?" Tulicheka wote, na baba alicheka kutuzidi.

Lori likagoma. Asubuhi lilitoka likiwa jepesi, lakini likienda mbali kidogo lilianza kuvuta kwa taabu, pedali ya klachi ikikanyagwa haitaki kurudi, na gurudumu la nyuma likipata moto hata ukilitemea mate yanachemka. Likiachwa likapoa, liliondoka kama halijawahi kuugua. Fundi wa Bariadi kila mara alilikuta limepoa, akasema ni zima. Ugonjwa unaojificha mbele ya fundi, kwetu ulikuwa na maelezo tayari. Jina la shangazi likaanza kutajwa kisimani, kwanza kwa mzaha, kisha bila mzaha. Siku moto wa gurudumu ulipopanda kwenye pamba njiani na lori likabaki mifupa, maneno yake yakakumbukwa yote, hata lile kofi.

"Nilikuwa natania, jamani," alisema, akimgeukia baba. "Wewe mwenyewe si ulicheka?"

Shangazi akafunga vitu vyake kwenye khanga, akaenda Nassa kwa binti yake. Baba hakumsindikiza.

Chuo kikuu sikusomea magari, ila kilinizidishia tabia ya kuuliza, na niliwauliza mafundi wengi. Jibu lao ni moja: ukitia oili ya injini mahali pa mafuta ya breki, vipira vya ndani vinavimba, vikipata joto vinaziba njia ya mafuta kurudi, na breki inabaki imeshika hata mguu ukiondolewa. Ya klachi ni hayo hayo. Nami nilikumbuka, kwa sababu halikuwa jambo la siri: mafuta ya breki yalipokosekana madukani, baba alijaza vikopo vyote viwili, cha breki na cha klachi, kutoka kwenye dumu la oili ya injini, mchana, sote tukitazama. "Oili ni oili," alisema.

Siku hizi mafuta ya breki yamejaa kila duka Bariadi, na fundi yeyote anajua dalili zile. Juzi nilikodi gari, nikapitia kwa baba nikiwa njiani kwenda Nassa, nikamweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mpira," akasema.

"Mpira, baba. Na shangazi bado yupo. Twende tukamchukue."

"Alisema litagoma."

"Alitania."

Baba alinyanyuka kwa mkongojo, akaliendea gari, akainama kwenye kila gurudumu na kuliwekea mgongo wa kiganja, na kwenye yale ya nyuma akakawia. Nilijiuliza, na bado najiuliza, mtu anayeamini ni uchawi anatafuta nini pale. Nilimfungulia mlango wa abiria.

"Yamepoa," akasema. "Unaweza kwenda."

Akaufunga mlango yeye mwenyewe, taratibu, akiwa amebaki nje.