Donge Lililobaki Junagadh

Kila mwaka, zinapofika siku za kuwalisha wafu, Bibi huweka chapati na wali wa maziwa juu ya paa la kibanda cha bustani, kule Stanmore, akangoja kunguru. Kunguru akila, marehemu amekula. Nilipokuwa chuo kikuu nilimwambia kwamba kunguru wa London si wa jamii moja na wale wa Unguja, wala wa Gujarat kule India, kwa hiyo watawajuaje watu wetu?

"Basi wafundishe wewe uliyesoma," akajibu.

Alikuwa akiwataja wote, kila mmoja na fungu lake: mumewe, wazazi wake, shangazi zake. Mdogo wake wa kiume hakumtaja hata mara moja. Huyo alichukuliwa dukani kwao Unguja, siku chache baada ya Mapinduzi. Jirani alimwona akipandishwa lori, kandambili miguuni. Basi.

Nyumbani kwetu Kigujarati kilikuwa cha Mungu, Kiingereza cha benki na daktari, Kiswahili cha ugomvi. Ni kwa Kiswahili nilimwambia Bibi, zaidi ya mara moja, kwamba mtu aliyepotea kabla mama yangu hajazaliwa amekufa, na kwamba kumnyima fungu lake ni kujidanganya.

Aliposikia nakwenda India kutembea, alinishika mkono.

"Pita Junagadh, mji wa wazee wetu. Chini ya mlima kuna bwawa, watu huwafanyia wafu wao ibada pale. Mfanyie na yeye. Mimi mdomo wangu haufunguki. Wako mwepesi."

Asubuhi ya kwanza Junagadh nilipanda kwenye ngome ya kale ya mji. Kuta zile ni nene kiasi kwamba sauti za mji hukatika ukipita lango. Ndani kuna kisima kilichochongwa mwambani, ngazi zake zikishuka kwenye giza, na karibu yake watu wametundika nguo na bangili. Mwenyeji mmoja akaniambia ni za wasichana wawili waliotolewa kafara ili maji yatoke. Nikamwuliza ana ushahidi gani.

"Maji si hayo?" akasema.

Nilicheka, lakini nilipokuwa nashuka kutoka ngomeni niligeuka nyuma zaidi ya mara moja.

Bwawani kuhani alinikalisha kwenye ngazi, akaniwekea madonge ya unga kwenye jani. Kila marehemu donge lake: unalishika, unamtaja, unalitua. Wazazi wa Bibi wakapita. Babu akapita. Likabaki moja, limelala kiganjani mwangu, zito kuliko unga.

"Alikufaje?"

"Alichukuliwa."

"Nimekuuliza alikufaje."

"Sijui."

Hakushangaa. Labda huwaona wengi. "Basi sema tu amekufa. Ukishasema wewe wa ukoo, imetosha. Mengine nitasoma mimi."

Maneno hayo nilikuwa nimeyasema miaka mingi, mdomo umejaa chakula. Sasa nilihisi kuna mtu amesimama ngazi ya juu, nyuma yangu, akingoja kusikia kama nitayasema. Sikuamini kwamba yupo. Sikugeuka pia.

Mama mmoja aliyekuwa akingoja zamu akaguna. "Kijana, kama wako hajawa tayari, sogea. Wetu ana njaa."

Nikalirudisha donge kwenye jani, nikaondoka.

Jumamosi nilikuwa Stanmore. Bibi alikuwa anakanda unga. Hakuniuliza habari za safari.

"Ulimtaja?"

"Sikumtaja, Bibi."

Mikono yake ikasimama. "Wewe? Si wewe uliyekuwa ukinipigia kelele kwamba amekufa?"

"Hapa nilikuwa nabisha tu. Kule ningemuua."

Nilitarajia matusi, na matusi yake ya Kiunguja ni makali. Badala yake akafuta mikono, akanishika shavu, ikabaki alama ya unga.

"Masikini we," akasema. "Nilitaka kumngoja kuishie kwangu. Sasa tumekuwa wawili."

Tangu siku hiyo, nikimwona mzee wa Kihindi amekaa peke yake kwenye treni, hupiga hesabu kama umri wake unalingana na wa mdogo wake Bibi. Najua hesabu hiyo haina maana, na naweza kueleza kwa nini. Huendelea kumtazama hata hivyo, mpaka kituo changu kinanipita.